Opera Tatu, Nyimbo Kumi na Moja

Jumapili, 3 Agosti 2025

Mgeni anakuja! Padre Xavery ametangaza leo baada ya komunyo, kabla hata ya matangazo ya ndoa. Mtunzi wa muziki kutoka Italia. Anaitwa Ermete Valdoni. Kanisa zima likapiga makofi kama tunamjua tangu ubatizo. Mimi pia nimepiga. Ukiona wenzako wote wanapiga, utakaaje?

Sababu ni hii. Padre alipokuwa masomoni Trento, mzee huyo alikuja siku moja kuifundisha kwaya ya huko. Padre akamwekea kwenye simu wimbo wetu, "Tulihesabiana", ambao Jenifa wa sauti ya kwanza alikuwa amemrushia kwa WhatsApp. Mzee akausikiliza mara nne. Ya nne akavua miwani. Sasa anaandika kazi kubwa, na anataka wimbo wetu uwe ndani yake. Lakini kwanza anataka kuja Katesh kuwaona wanaouimba. Atafika Septemba.

"Wimbo wa Mwalimu wetu, Baltazar Hhando," Padre akamalizia.

Makofi tena. Baltazar alikuwa amesimama mbele ya kwaya, masikio yakamsogea nyuma. Miaka kumi na tisa ya ndoa, nayajua masikio ya mume wangu. Yakisogea hivyo amefurahi, na pia ameogopa.

Nami nimepiga makofi. Kwa nguvu kuliko wote, nadhani.

Jumanne, 5 Agosti 2025

Kamati ya kwaya imekaa. Bonaventura, mwenyekiti, alikuja kutoka Getanuwas kwa pikipiki, vumbi mpaka kwenye kope. Kagawa kazi kama anayegawa malisho. Jenifa: chakula, na perege waagizwe Basotu. Bonaventura mwenyewe: mbuzi na shuka. Mimi: maisha ya mgeni.

Kwetu mgeni mkubwa haingii kimyakimya. Anaimbiwa maisha yake, mwanzo mpaka mwisho, yeye amekaa kwenye kiti chenye kitambaa. Askofu tulimwimbia mpaka jina la shule ya msingi. Mkuu wa wilaya yule aliyehamishwa tulimwimbia stashahada zake zote mbili, na beti ya stashahada ya pili ndiyo iliyomtoa machozi. Kwa hiyo Mtaliano naye ataimbiwa. Mimi nitafute alizaliwa wapi, kasoma nini, katunga nini. Nimpe Mwalimu, Mwalimu atunge.

"Mama Kwaya mwandiko wake mzuri," Bonaventura akasema. Ndivyo wanavyoniita. Wenzangu ni Mama Abel, Mama Loveness. Mimi nimezaa kwaya.

Niandike hapa, nyuma ya daftari la vipimo vya wateja. Hapa hakuna anayesoma, maana nani atatafuta siri katikati ya viuno na mabega? Mwalimu hatatunga. Nitatunga mimi. Nimetunga zote kumi na moja.

Nisijidanganye, niandike na hili pia: hakuniomba. Mwaka 2013 kaka zake walimwita kwenye pombe wakamwambia, miaka saba hakuna mtoto, tafuta mke mwingine, sisi tutasimamia. Alinyanyuka akaja nyumbani, akaning'iniza koti, akasema, "Vere, tupitie nyimbo za Pasaka." Basi. Mambo mengine niliyasikia kwa majirani. Mwezi uleule wimbo wa kwanza ukanijia nikiwa napinda mapazia. Nikauandika kwa nota, d r m, sauti zote nne. Juu upande wa kulia, mahali pa mtunzi, nikaandika: Na B. Hhando. Akasoma akashangaa. Umeandika jina langu? Nikamwambia, sasa la nani? Alitembea wiki nzima kama mwenye mapacha.

Sikuweza kumpa mtoto. Nikampa wimbo. Halafu wa pili. Kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma!

Alhamisi, 7 Agosti 2025

Padre amenichapishia kurasa tatu kwa Kiitaliano, kisha akazitafsiri kwa sauti kwenye simu. Jumbe kumi na nne! Bando lote limeishia kwenye kikohozi chake.

Basi, huyu ndiye mzee wetu. Kazaliwa 1958, kijiji cha milimani. Baba yake alikuwa fundi wa vinanda vya mabomba makanisani, yeye akiwa mtoto akaingizwa ndani ya kinanda kushika taa. Nimeipenda hiyo. Akasomea muziki Milano. Mwaka 1989 opera ya kwanza, *Mwoka Mikate*. Opera, Padre anaeleza, ni mchezo wa kuigiza ambao hakuna anayeongea, hata wa kuomba chumvi anaimba. Watu walizomea siku ya kwanza. Kule kuzomea ni kupiga miluzi. Ikafungwa palepale, haijachezwa tena mpaka leo.

Kisha miaka kumi akatunga muziki wa matangazo ya televisheni. Jibini. Matairi. Biskuti. Miaka kumi biskuti! Nimecheka mpaka mteja wangu akadhani nacheka kiuno chake.

Halafu 2001 akaibuka na kitu cha vinanda vinne vya nyuzi, akapewa tuzo. 2008 opera ya pili, *Barua Tatu*. 2016 ya tatu, *Mzee wa Mnarani*. Hizo hawakuzipigia miluzi. Ana kazi nyingine ya kengele kumi na mbili za ng'ombe, na kazi moja ya dakika tisa aliyoitunga miaka kumi na moja.

Nimemsomea Baltazar. Kasikiliza akinyoa ndevu. Dakika tisa, miaka kumi na moja? Akasema yeye huyo mzee angemfukuza kwaya.

Nikasema, nyimbo kumi na moja kwa miaka kumi na miwili, wewe unamshinda. Akakubali! Kwa kichwa, povu shavuni, bila hata kupepesa. Kuna siku nadhani amesahau kabisa.

Jumamosi, 9 Agosti 2025

Nimemsikiliza huyo Valdoni kwenye simu ya Jenifa, pale kibandani kwangu sokoni. Kile cha vinanda vinne vya nyuzi. Mwanzo ni kama mlango usiotiwa mafuta. Dakika nzima, mlango. Mama wa duka la pembeni akaja kuuliza kama cherehani imeharibika.

Halafu ikatokea. Nyuzi za juu zikaacha. Zile za chini, ambazo nilikuwa nimezisahau, kumbe zilikuwa zinasema jambo wakati wote. Mguu wangu ukasimama kwenye cherehani. Huyu anaficha mali kwenye sauti ya pili! Anaweka mapambo juu ili watu waangalie huko, na wimbo wenyewe unapita chini kama mwanamke anayetoka kwenye kikao bila kuaga.

Ndivyo ninavyofanya mimi. Sikufundishwa na mtu. Nilifikiri nafanya hivyo kwa sababu mimi ni sauti ya pili na nilichoka kuimba noti moja Jumapili nzima.

Nimerudia mara tatu. Shati la Bonaventura nimelishona mkono wa kushoto mahali pa kulia.

Jumapili, 17 Agosti 2025

Kamati tena, baada ya misa. Nimesoma maisha ya mgeni kutoka juu mpaka chini. Bonaventura akasubiri. Akauliza, na watoto? Nikasema hana. Mke? Hakuoa.

Bonaventura akatikisa kichwa.

Akasema haiwezekani. Kwao Wabarbaig mtu hasifiwi akiwa amesimama peke yake kama mti uliopigwa radi. Unataja baba, unataja ng'ombe, unataja watoto. Ukimsifu asiye na kitu chochote pembeni yake, unamtangaza. Ni afadhali umtukane.

Jenifa: basi tuseme ana watoto, nani atakwenda Italia kuhesabu? Baltazar akang'aka, huo ni uongo mbele ya altare. Wakabishana nusu saa. Mimi nilikuwa naangalia karatasi yangu. Hakuna aliyekumbuka kwamba mwandishi wa kamati naye hana. Labda wote walikumbuka, ndiyo maana walikuwa wanaongea kwa sauti kubwa.

Nikasema: ana opera tatu. Ndiyo hao watoto. Mtu ukikaa na kitu miaka minane, kinakunyima usingizi, kikitoka watu wanakuja kukiangalia kimefanana na nani, hicho si mtoto?

Bonaventura akafikiri. "Na kile cha nyuzi?" Nikamwambia hicho ni ndama. Akaridhika sana! "Sasa huyo ni mtu," akasema. "Sasa anaimbika."

Baltazar hakucheka na wengine. Njia nzima ya kurudi nyumbani alikuwa mbele yangu hatua mbili. Pale kwenye korongo, mahali nyumba ya Shangazi Lucia ilipokuwa kabla ya tope la mlima, akapunguza mwendo tukawa sawa. Tukaingia nyumbani bega kwa bega.

Jumatano, 27 Agosti 2025

Wimbo wa mgeni umekamilika. Beti saba. Ya biskuti nimeiwekea mwendo wa kurukaruka, Padre kasema ni dhambi ndogo. Nimeandika juu kulia: Na B. Hhando. Mkono umezoea, unakwenda wenyewe.

Baltazar anafanya mazoezi ya kuwa mtunzi. Nimemkuta mbele ya kioo. Anakunja uso, anaangalia mbali, upande wa ghala la mahindi. Nikamuuliza anafanya nini. Eti mzee akimuuliza alitungaje "Tulihesabiana", atajibu nini?

Nikasema, mwambie ukweli.

Akageuka. Nikaongeza haraka — mwambie ulitunga baada ya tope la Mlima Hanang. Ndiyo kweli, si ndiyo?

Akasema atajibu: ni Roho Mtakatifu. Nikamwambia jibu zuri, Roho Mtakatifu hawezi kuitwa kutoa ushahidi. Hapo alicheka. Tukacheka wote wawili, kile kicheko chetu cha kushikilia mlango. Ndiyo maana ni vigumu kumkasirikia huyu mtu. Besi ya wimbo ule aliirekebisha yeye, mwishoni, noti tano. Na noti zile tano ni nzuri, siwezi kusema uongo. Tano.

Alhamisi, 4 Septemba 2025

Upepo. Vumbi. Sare ishirini na nne, na Jenifa amenenepa. Sina muda wa kuandika.

Jumamosi, 6 Septemba 2025

Amefika!

Mrefu, mwembamba, nywele nyeupe zimesimama kama kaona jambo. Viatu vya kupandia mlima. Anatoa mkono kwa kila mtu na anaushikilia, hauachii, anakuangalia mpaka unaanza kukumbuka madhambi. Bonaventura kamtundikia shuka mabegani. Akamwonyesha pia kengele ya ng'ombe wake mkubwa, kaja nayo mfukoni kutoka Getanuwas. Mzee akaigonga, akaiweka sikioni, akasema kitu. Padre: anasema hii ni noti ya la, imeshuka kidogo. Bonaventura akajibu ng'ombe mwenyewe hajawahi kulalamika.

Tukamkalisha. Tukamwimbia. Padre ananong'ona tafsiri sikioni mwake. Baba fundi, sawa, anatikisa kichwa. Milano, sawa. Biskuti — akashika tumbo! Akacheka mpaka shuka likaanguka. Kisha ikaja beti ya tano.

*Amezaa watoto watatu,*
*Wa kwanza ni Mwoka Mikate.*

Nikamwona anamshika Padre mkono. Rudia. Padre akarudia. Mzee akaacha kucheka.

Tulipomaliza akasimama kushukuru. Akasema hajawahi kusomewa maisha yake vizuri namna hii, magazeti ya kwao yangejifunza. Akasema ni kweli alikuwa na watatu. Lakini yule wa kwanza alikufa siku aliyozaliwa, mwaka 1989, mbele ya watu mia nane, na tangu siku ile hakuna aliyemtaja jina mbele yake. Leo ndiyo mara ya kwanza. Alisema kwa utani. Sauti ndiyo haikuwa ya utani.

Sasa kwetu mtu akitaja kifo, mnakaaje? Bonaventura akanyanyuka. Akaenda mbele, kamshika mkono kwa mikono miwili, "Pole sana, mzee." Akarudi kukaa. Jenifa akafuata. Halafu sauti ya kwanza yote, kwa mstari. Bibi Perpetua kutoka benchi la wazee akasimama na fimbo yake. Nikamnong'oneza, bibi, ni opera, si mtu. Akasema nimesikia, sina uziwi. Msiba ni msiba. Na akaenda. Padre mwekundu mpaka shingoni, hajui atafsiri nini. Watu hamsini na kitu, mmoja mmoja, wanampa mtu pole kwa mchezo wa kuigiza uliopigiwa miluzi miaka thelathini na sita iliyopita! Bonaventura pembeni ananiambia, labda wale wa miluzi walikuwa wanaiita irudi, sisi tunaita ng'ombe hivyohivyo.

Zamu yangu ikafika. Nimesema pole. Amelia, yule mzee. Machozi ya kweli, na hakuyafuta, mikono yote miwili ilikuwa kwenye yangu.

Na mimi nimelia. Sikumlilia Mwoka Mikate. Nimeona wivu! Wake alikufa lakini anajulikana ni wa nani.

Jumapili, 7 Septemba 2025

Misa. Tumeimba "Tulihesabiana" wakati wa matoleo. Hatujawahi kuuimba vile. Hata wale wa besi waliokuwa wanatafuna karanga jana walikuwa na heshima.

Baada ya misa tukakaa kwenye chumba cha kwaya, yeye, Padre, Baltazar, kamati. Mzee ana karatasi yetu, ile niliyoiandika mimi, Padre alikuwa amempigia picha. Amejifunza kusoma d r m kwa ajili yetu, kaandika nota zake za mistari juu kwa penseli. Akamgeukia Baltazar. Maestro, akamwita, yaani bingwa wa muziki. Maestro Hhando. Masikio yakaenda nyuma.

Akauliza swali moja. Mstari wa tatu. Sauti ya kwanza inanyamaza ghafla mapigo mawili, na sauti ya pili inashuka, inashuka mpaka inapita chini ya wanaume. Hakuna mwalimu duniani anayefundisha hivyo. Wanafunzi wake wangeandika hivyo angewapigia mstari mwekundu. Lakini hapo ndipo alipovua miwani. Kwa nini pale?

Nilikuwa nimeshika birika. Mimi najua kwa nini pale.

Asubuhi ile ya Desemba 2023, tope la Mlima Hanang likiwa bado linatembea, tulisimama tuliobaki wa mtaa wetu wa Jorodom tukahesabiana kwa majina. Mtu anaitwa, anaitika. Likaitwa la Shangazi Lucia. Hakuna aliyeitika. Likaitwa tena. Wasichana waliokuwa wanaita wakashindwa, sauti zikakatika. Na katika kukatika kule bibi mmoja, sauti yake nzito kuliko ya mwanaume, akaita jina lililofuata. Akaendelea. Ndiyo mstari wa tatu. Mapigo mawili, halafu yule bibi. Sikubuni kitu mimi, nilinakili.

Baltazar akakunja uso. Akaangalia mbali. Hakukuwa na mbali mle ndani, akaangalia kabati.

"Ni Roho Mtakatifu," akasema.

Padre akatafsiri. Mzee akatabasamu kwa adabu, akangoja, kama mtu anayejua kuna sentensi ya pili njiani. Haikuja. Baltazar alikuwa anatoka jasho kwenye mdomo wa juu. Asubuhi ile hakuwepo. Alikuwa Mbulu, kwenye semina ya walimu wa kwaya, alirudi siku ya pili. Hajui yule bibi. Sikuwahi kumwambia, naye hakuwahi kuuliza mstari ule unatoka wapi. Aliufundisha tu, na aliufundisha vizuri.

Ningeweza kusema. Mdomo ulikuwa wazi kabisa. Nikasema, "Chai?"

Mzee akaniangalia. Kisha akaangalia karatasi. Kisha vidole vyangu kwenye birika, vina wino, vina alama za sindano. Akaomba chai, sukari mbili. Hakuuliza tena.

Nyumbani Baltazar hakula. Perege mzima wa Basotu, kamwangalia mpaka kapoa. Nikamtania, samaki naye unamwongozea wimbo? Hakucheka. Akasema, "Kwa nini pale, Vere?" Nikamwambia. Yote, na bibi pia. Alisikiliza akiwa ameshika meza kwa mikono miwili. Nilipomaliza akasema, "Nimefundisha wimbo ule mwaka mzima na nusu." Akatoka nje kuangalia ng'ombe. Tuna ng'ombe mmoja. Amemwangalia mpaka jua limezama.

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Saa mbili asubuhi. Gari liko nje, linanguruma, dereva anasema barabara ya Arusha haina huruma. Mzee amekuja kuaga, na amekuja na fomu. Karatasi moja, Kiitaliano upande mmoja, Kiingereza upande wa pili. Padre ametueleza: hii ni ruhusa ya kuutumia wimbo. Utachapwa ndani ya kitabu cha kazi yake, utaimbwa kwanza kwao mwezi wa tano, halafu popote watakapoimba. Jina la mtunzi litakuwa juu ya ukurasa, na likishachapwa limechapwa. Kuna mistari miwili tu ya kujaza. Jina la mtunzi. Sahihi ya mtunzi mwenyewe.

Baltazar ameipokea. Ameisoma kama anajua Kiitaliano. Amevaa suti ile niliyoipunguza mikono. Kisha akainyoosha kwangu, kuvuka meza, mbele ya wote.

"Andika wewe," akasema. "Mwandiko wako ndio mzuri."

Maneno yaleyale. Tangu wimbo wa pili ameyasema kila nilipofika mahali pa mtunzi, nami kila mara nimejua maana yake. Leo sijui. Nikamuuliza, "Niandikeje?" Alikuwa anaangalia kofia yake, anaizungusha magotini.

"Unajua kuandika, Vere," akasema. "Mimi nakungoja."

Analonipa ni jina langu au lake? Anajitoa au ananiomba, mara moja hii tu, mbele ya mgeni, nisimvunje? Masikio yake hayasemi kitu. Mara ya kwanza kwa miaka kumi na tisa hayasemi kitu! Na nikiandika Verediana, kesho Bonaventura atauliza na zile kumi. Kaka zake watasema, tazama, hata nyimbo hakuwa nazo. Nikiandika Baltazar, yule bibi wa mstari wa tatu atazunguka dunia nzima akiwa amebebwa na jina la mtu ambaye asubuhi ile alikuwa Mbulu. Nampenda huyu mume. Nakipenda na kile nilichokizaa. Hakuna aliyewahi kunitaka nichague, na sasa wananitaka nichague dereva akiwa amewasha gari.

Nimeweka fomu juu ya daftari hili, meza ina maji ya chai. Nimewaambia kalamu imegoma, ngoja kwanza niijaribu. Ndiyo naijaribu hapa, mistari yote hii. Wanadhani nachora duara. Mzee Valdoni amekaa wima, mikono magotini, hana haraka hata kidogo, mtu wa dakika tisa kwa miaka kumi na moja. Baltazar ameacha kuzungusha kofia.

Kalamu inaandika vizuri sana. Haijawahi kuandika vizuri hivi.

Padre ameuliza, imekubali?

Nimesema bado.